Evarts Graham na Siri ya Kifua

Katika sehemu zote za mwili wa binadamu, kifua ndicho kilichokaa muda mrefu kabisa pasipo kuguswa na kisu cha tabibu. Mifupa ya kichwa ilitobolewa tangu zamani za kale, mikono na miguu ilikatwa vitani, na tumbo lilianza kupasuliwa kwa salama katika karne ya kumi na tisa, baada ya kupatikana nusukaputi na dawa za kuua vijidudu. Kifua peke yake kilibaki kama nyumba ambayo mlango wake ukifunguliwa mwenyewe hufa. Sababu yake haikuwa woga wa matabibu wala uhaba wa visu, bali ni maumbile ya kifua chenyewe. Pafu halina msuli wa kujitanulia. Hutanuka kwa kuwa kati yake na ukuta wa kifua mna nafasi iliyofungwa, ambayo msukumo wa hewa ndani yake ni mdogo kuliko msukumo wa hewa ya nje. Mbavu zikiinuka na kiwambo kikishuka, pafu hufuata. Ukuta huo ukitobolewa, hewa ya nje huingia, pafu hunywea, na mgonjwa hutweta mpaka roho ikamtoka.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini walitokea watu waliotafuta hila ya kuishinda hatari hiyo. Katika mwaka 1904, mjini Breslau, kijana mmoja Mjerumani aliyeitwa Ferdinand Sauerbruch alitengeneza chumba ambacho msukumo wa hewa ndani yake ulipunguzwa. Mwili wa mgonjwa na wapasuaji walikaa ndani, na kichwa cha mgonjwa kikabaki nje. Katika mwaka 1909, mjini New York, Samuel Meltzer na John Auer walionyesha njia nyepesi kuliko hiyo, yaani kupuliza hewa mapafuni kwa mrija uliopitishwa kooni. Chumba cha Sauerbruch kiliachwa baadaye, na mrija ukadumu. Walakini chombo ni jambo moja na maarifa ni jambo lingine. Kabla ya upasuaji wa kifua kuwa kazi ya kutegemewa, ilipasa watu wajue hasa kinachotokea kifuani kinapofunguliwa. Mmoja wa walioitafuta elimu hiyo, na ambaye maisha yake yafaa kutazamwa kwa makini, alikuwa Mmarekani Evarts Ambrose Graham.

Graham alizaliwa Chicago tarehe 19 Machi, 1883. Baba yake alikuwa mpasuaji, na mtoto akafuata njia ya mzazi. Alimaliza masomo yake Princeton mwaka 1904, akapata shahada ya udaktari katika chuo cha Rush mwaka 1907. Mpaka hapo hakuwa na tofauti kubwa na vijana wengine wa siku zile. Tofauti ilianza pale alipoamua kurudi kujifunza kemia katika Chuo Kikuu cha Chicago, wakati ambapo rika lake walikuwa wanatafuta wateja. Siku zile mpasuaji alisifiwa kwa wepesi wa mkono. Aliyeweza kukata mguu kwa dakika chache alihesabiwa kuwa fundi, na watu hawakumwuliza kama ameelewa vipi damu inavyobeba hewa au ini linavyotengeneza nyongo. Graham aliona kuwa mkono usioongozwa na elimu ya maumbile huenda haraka tu kwenye makosa. Katika maabara za kemia alikutana na Helen Tredway, mwanamke msomi wa fani hiyo. Walioana mwaka 1916, na mkewe akaendelea na utafiti wake mwenyewe juu ya dawa kwa muda wa maisha yake.

Kabla ya kuwa profesa alifanya kazi kwa miaka michache katika mji mdogo wa Mason City, jimbo la Iowa. Huko aliijua desturi moja iliyoenea sana miongoni mwa madaktari wa wakati ule. Daktari wa kijijini alimpeleka mgonjwa kwa mpasuaji, na mpasuaji akamrudishia kwa siri sehemu ya ada aliyolipwa. Mgonjwa basi hakupelekwa kwa fundi aliye bora, bali kwa yule atoaye fungu kubwa. Akawa kama bidhaa mikononi mwa dalali. Graham aliichukia desturi hiyo na kuipiga vita tangu hapo. Jambo hili laonekana dogo kando ya ugunduzi wake wa baadaye, lakini lafaa kukumbukwa. Laonyesha kwamba tangu ujana wake aliona swali la nani ana haki ya kupasua kuwa na uzito sawa na swali la namna ya kupasua.

Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, vijana maelfu kwa maelfu walikusanywa makambini. Wengi walitoka mashambani, hawajapata surua utotoni. Surua ikawavamia, na baada ya surua ikafuata homa ya mapafu, kisha mwaka 1918 homa kuu ya mafua ikatia nguvu balaa hiyo. Katika wengi wa wagonjwa hao maji na usaha vilijaa kati ya pafu na ukuta wa kifua. Kanuni iliyofundishwa vyuoni ilikuwa nyepesi: palipo na usaha, pasuliwe, usaha utoke. Madaktari wa jeshi wakaifuata kanuni hiyo kwa bidii. Walikata kipande cha ubavu, wakafungua kifua, wakatia mpira wa kutolea usaha. Wagonjwa wakafa, wastani wa karibu 30 katika kila 100, na katika kambi nyingine zaidi sana kuliko hivyo. Vijana ambao hawajaona hata moshi wa vita walizikwa kwa sababu ya matibabu yaliyokusudiwa kuwaokoa.

Serikali iliunda tume ya kuchunguza jambo hili, na Graham akawa mmoja wa wajumbe wake. Kazi yake ilikuwa katika kambi ya Camp Lee, jimbo la Virginia, na pamoja na mwenzake Richard Bell alifanya majaribio juu ya mbwa. Wakati ule iliaminiwa kuwa sehemu ya katikati ya kifua, yenye moyo na mishipa mikubwa, ni kama ukuta imara unaotenga pafu moja na la pili. Kwa hiyo upande mmoja ukifunguliwa, pafu la upande ule tu ndilo litakalonywea, na la pili litaendelea na kazi. Graham na Bell walithibitisha kwamba sivyo. Sehemu hiyo ni laini na hutikisika. Hewa iingiapo upande mmoja husukuma pande zote mbili, hata kifua kizima huwa kama nafasi moja. Tundu ambalo mtu mzima wa afya aweza kulivumilia laweza kumwua mgonjwa ambaye homa imekwisha kumpunguzia nusu ya pumzi zake.

Maana yake ilikuwa wazi. Katika siku za mwanzo za ugonjwa, maji yangali mepesi na pafu halijashikamana na ukuta, kufungua kifua ni kuua. Ilipasa maji yavutwe kwa sindano, pasipo kuruhusu hewa kuingia, na mgonjwa alishwe vizuri na kungojewa. Siku zipitapo, usaha huwa mzito, tando hushikamana na kukaza, na sehemu ile ya katikati husimama imara. Ndipo tundu laweza kufunguliwa bila hatari kubwa. Dawa yenyewe haikubadilika. Kilichobadilika ni wakati wake. Mashauri hayo yalipofuatwa makambini, vifo vilishuka mpaka chini ya 5 katika kila 100. Hakuna kisu kipya kilichoundwa, wala kidonge kipya kilichopatikana. Watu walipona kwa sababu mtu mmoja na wenzake hawakuridhika na kanuni iliyoonekana kuwa ya akili, wakaijaribu, wakaona haisimami.

Mwaka 1919 Graham aliitwa kuwa profesa wa upasuaji katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, akifanya kazi katika hospitali ya Barnes. Alikuwa na umri wa miaka 36. Uteuzi huu ulikuwa wa namna mpya, maana wapasuaji wengi wakuu wa Marekani walikuwa wakifundisha saa chache tu na kuishi kwa ada za wateja wao, ilhali yeye aliajiriwa kufundisha, kutibu na kuchunguza kwa wakati wake wote. Huko alikaa mpaka alipostaafu mwaka 1951.

Ugunduzi wake wa kwanza mkubwa St. Louis haukuwa wa kifua. Picha za eksirei zilionyesha mifupa, lakini kifuko cha nyongo hakikuonekana, na daktari alipasua tumbo kwa kubahatisha. Ilijulikana kuwa ziko rangi ambazo zikitiwa damuni hutolewa na ini pamoja na nyongo. Graham aliwaza kuwa rangi kama hizo zikiunganishwa na kemikali nzito inayozuia eksirei, kifuko kitatoa kivuli pichani. Hapo elimu ya kemia aliyoisoma ujanani ilijilipa. Msaidizi wake kijana, Warren Cole, aliwatia dawa mbwa wengi kwa muda wa miezi, na kivuli hakikutokea. Hata siku moja kikatokea kwa mbwa mmoja, na alipouliza sababu akaambiwa kuwa mtunzaji alisahau kumlisha mbwa huyo. Siri ikafunuka: kifuko cha nyongo hujaa na kukoleza nyongo wakati wa njaa, na baada ya kula hujimimina. Tangu mwaka 1924 njia hii ilitumika kwa wagonjwa, ikatumika ulimwenguni kwa zaidi ya nusu karne, mpaka vyombo vya kupiga picha kwa mawimbi ya sauti vilipochukua mahali pake.

Hata hivyo jina la Graham limefungamana zaidi na tarehe 5 Aprili, 1933. Kabla ya siku hiyo saratani ya pafu ilikuwa hukumu ya kifo isiyo na rufaa. Wapasuaji walikuwa wamekwisha kuondoa vipande vya pafu kwa sababu ya majipu na usaha, na Graham mwenyewe tangu mwaka 1923 alikuwa akiunguza sehemu zilizooza kwa chuma cha moto, awamu baada ya awamu. Pafu zima lilikuwa limeondolewa kwa mafanikio na Rudolf Nissen huko Berlin mwaka 1931, na na Cameron Haight huko Michigan mwaka 1932. Lakini wagonjwa wao walikuwa watoto wa kike wenye pafu lililoharibiwa na usaha, na kazi ilifanywa kwa awamu mbili. Hakuna aliyekuwa ameondoa pafu zima kwa siku moja kwa sababu ya saratani, na mgonjwa akaishi.

Mgonjwa aliyefika St. Louis alikuwa James Gilmore, daktari wa uzazi kutoka Pittsburgh, mwenye umri wa miaka 48. Kwa miezi kadhaa alikuwa akikohoa na kushikwa na homa. Mrija wa kutazamia ulipopitishwa katika njia za pumzi, uvimbe ulionekana kwenye njia iendayo sehemu ya juu ya pafu la kushoto, na kipande chake kilipotazamwa kwa hadubini kilithibitika kuwa saratani. Yasimuliwa kuwa kabla ya kupasuliwa Gilmore alirudi kwao kutengeneza mambo yake. Akazibisha meno yake yaliyotoboka, na pia akanunua mahali pa kaburi. Mtu huyo alijua hesabu ya pande zote mbili, ya kuishi na ya kufa, akailipia kila moja.

Nia ya kwanza ilikuwa kuondoa sehemu ya juu tu ya pafu. Kifua kilipofunguliwa, Graham aliona kuwa uvimbe umekaa karibu mno na njia kuu ya pumzi, na kuwa sehemu moja haiwezi kutoka bila nyingine. Chumbani mlikuwa na daktari rafiki wa mgonjwa aliyekuja kutazama. Graham alimweleza kuwa njia pekee ni kuondoa pafu lote, jambo ambalo lilikuwa limefanywa kwa wanyama, wala halijafanikiwa kwa mtu mwenye ugonjwa huo. Kisha akafanya jambo lionyeshalo tabia yake. Alizungusha mpira mwembamba kwenye shina la pafu, penye mishipa ya damu na njia ya pumzi, akaukaza, akangoja, akitazama kama moyo utastahimili. Moyo ulistahimili. Ndipo alipobana, akafunga, akakata. Katika kisiki kilichobaki alitia chembe za radoni ili kuunguza masalia ya ugonjwa. Nafasi tupu iliyoachwa na pafu ilimtia wasiwasi, kwa kuwa ingeweza kujaa usaha. Kwa hiyo akaondoa mbavu saba ili ukuta wa kifua ulale ndani na kuijaza.

Gilmore alikaa hospitali siku 75, na haikuwa njia ya raha, maana usaha ulitokea hata hivyo, ikabidi apasuliwe tena. Lakini alipona, akarudi Pittsburgh, akaendelea na kazi yake ya udaktari. Habari ilienea haraka, na mwaka ule ule William Rienhoff wa Baltimore aliondoa pafu kwa kufunga kila mshipa peke yake, njia iliyo salama zaidi kuliko ile ya kufunga shina lote kwa pamoja. Njia hiyo ya Rienhoff ndiyo iliyodumu. Yapasa pia kusemwa kuwa mlango uliofunguliwa haukuwa mpana. Katika miaka iliyofuata wengi waliopasuliwa hivyo walikufa, mezani au siku chache baadaye, na wengi zaidi walifika hospitali wakati ugonjwa umekwisha kuenea. Kupona kwa Gilmore kulithibitisha kuwa jambo lawezekana; hakukuthibitisha kuwa ni jepesi.

Graham alijua kuwa ushujaa wa mtu mmoja hauwezi kuwa taaluma. Jarida la upasuaji wa kifua lilipoanzishwa Marekani mwaka 1931, yeye alikuwa mhariri wake wa kwanza. Mwaka 1937 ilianzishwa bodi ya kuwatahini wapasuaji wa Marekani, naye akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Kabla ya hapo daktari yeyote mwenye leseni aliweza kujiita mpasuaji na kufungua tumbo la mtu, hata ikiwa hajapata kufundishwa kazi hiyo. Bodi iliweka masharti ya miaka ya mafunzo hospitalini na mtihani wa maandishi na wa mdomo. Mwaka 1948 wapasuaji wa kifua nao wakapata bodi yao. Tangu hapo mpasuaji wa kifua hakujulikana kwa sifa za wateja wake tu. Alijulikana kwa kuwa amejifunza kwanza upasuaji wa mwili wote, kisha wa kifua, na kuhojiwa na watu wasio na deni kwake. Yule kijana aliyechukizwa na dalali za Mason City alikuwa amepata jibu lake.

Sasa yaja sehemu ya habari hii iliyo ngumu. Katika mwaka 1919, St. Louis, mwanafunzi wa udaktari aliyeitwa Alton Ochsner aliitwa pamoja na wenzake kutazama maiti ya mtu aliyekufa kwa saratani ya pafu. Profesa wao aliwaambia waitazame vizuri, kwa kuwa ugonjwa huo ni adimu na huenda wasiuone tena maishani. Ochsner hakuuona mpaka mwaka 1936. Kisha akawaona wagonjwa tisa kwa miezi sita. Wote walikuwa wanaume waliovuta sigara sana, na ambao walianza kuvuta katika Vita Kuu ya Kwanza. Akatangaza kuwa sigara ndiyo chanzo. Graham, aliyekuwa mwalimu wa Ochsner na mvutaji mkubwa wa sigara, hakushawishika. Alijibu kwa mzaha kuwa matumizi ya soksi ndefu za wanawake nayo yamepanda katika miaka ile ile, na hakuna anayezishitaki.

Mzaha huo ulikuwa na hoja ndani yake, wala si ya kudharauliwa. Mambo mawili yakiongezeka pamoja, haifuati kwamba moja limezaa la pili. Basi mwanafunzi mmoja wa St. Louis, Ernst Wynder, aliyezaliwa Ujerumani na ambaye jamaa zake walikimbia utawala wa Hitler, alipomjia Graham na shauri la kuwahoji wagonjwa wa saratani ya pafu juu ya uvutaji wao, profesa hakuamini kuwa kitu kitapatikana. Angaliweza kukataa. Wagonjwa walikuwa wake, na jina lilikuwa lake. Hakukataa. Alimpa kijana ruhusa na msaada, kisha akaangalia kazi isiwe na upenyo: wagonjwa wa magonjwa mengine wahojiwe pia kwa maswali yale yale, na baadhi ya wahoji wasijue ni mgonjwa yupi mwenye saratani.

Matokeo yalichapwa tarehe 27 Mei, 1950, katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, jarida ambalo mpaka mwaka 1953 lilikuwa bado linapokea matangazo ya sigara. Wagonjwa waliothibitishwa walikuwa 684. Kati ya wanaume 605 wenye aina za saratani zilizochunguzwa zaidi, 96.5 katika kila 100 walikuwa wamevuta kwa wingi au kwa kiasi kikubwa kwa miaka mingi; kati ya wanaume wengine wa hospitali wasio na saratani, hesabu ilikuwa 73.7. Tofauti ilionekana vizuri zaidi kwa upande wa pili. Wasiovuta walikuwa 14.6 katika kila 100 kati ya wagonjwa wengine, na 1.3 tu kati ya wenye saratani ya pafu. Katika Septemba ya mwaka ule ule Richard Doll na Austin Bradford Hill wa London walitoa uchunguzi wao, uliofanywa mbali na kwa watu wengine, ukasema jambo lile lile. Doll naye aliacha sigara alipoziona hesabu zake.

Wapinzani walisema kuwa hesabu za maswali si ushahidi wa maabara. Graham akachukua pingamizi hiyo kama alivyochukua ile yake mwenyewe, akaijaribu. Pamoja na Wynder na Adele Croninger alikusanya lami ya moshi wa sigara, wakaipaka mgongoni mwa panya kwa miezi mingi. Mwaka 1953 walitangaza kuwa 44 katika kila 100 ya panya hao walipata saratani ya ngozi. Panya si mtu, na ngozi si pafu. Hayo Graham aliyajua. Lakini ilikwisha kuthibitika kuwa ndani ya moshi mna kitu cha kuzaa saratani. Kampuni za tumbaku zilitambua uzito wa neno hilo. Katika Desemba 1953 wakuu wake walikutana katika hoteli moja ya New York, na tarehe 4 Januari, 1954, tangazo lao lilitokea katika magazeti zaidi ya 400 ya Marekani, likisema kuwa ushahidi haujatosha na kwamba wao wenyewe watagharimia uchunguzi. Shaka, ambayo kwa Graham ilikuwa chombo cha kutafutia ukweli, ilifanywa na watu hao chombo cha kuuchelewesha. Hiyo ni tofauti ambayo kila msomaji wa elimu yampasa kuijua, maana kwa nje shaka hizo mbili hufanana kama mapacha.

Katika miaka ile ya majaribio Graham aliacha sigara. Mapema mwaka 1957 alijisikia vibaya, akapigwa picha ya kifua. Yeye aliyewasomea watu mamia picha kama hizo aliisoma ya kwake. Saratani ilikuwa katika mapafu yote mawili, na hakuna kisu, hata cha mwanafunzi wake hodari, kilichoweza kuigusa. Alimwandikia Ochsner, yule aliyemfanyia mzaha zamani, akamweleza kuwa alikuwa ameacha sigara kwa zaidi ya miaka mitano, lakini taabu ni kwamba alikuwa amevuta kwa miaka hamsini. Alifariki tarehe 4 Machi, 1957, katika hospitali ile ile ya Barnes, siku chache kabla ya kutimiza miaka 74.

Wahenga walisema kuwa mganga hajigangi, na ni rahisi kuifunga habari ya Graham kwa methali hiyo. Lakini methali hukaa vizuri juu ya mtu aliyejua na kupuuza, na Graham hakuwa huyo. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake hakujua, wala hakuna aliyejua kwa yakini. Alipojua, alijua kwa sababu aliruhusu swali ambalo jibu lake lilikuwa dhidi ya mazoea yake, dhidi ya mzaha wake, na hatimaye dhidi ya mwili wake. Neno lake lilichelewa kumwokoa yeye, likawahi wengine. Kanuni ya makambi ya 1918, ile ya kungoja wakati ufaao, ilikuwa na upande wa pili ambao aliuona mwishoni: iko hesabu ambayo mwili huiandika kimya kimya kwa miaka mingi, na kisu huja baada ya hesabu kufungwa.

James Gilmore, aliyenunua kaburi mwaka 1933, aliishi kwa pafu moja karibu miaka 30. Alikufa mwaka 1963, miaka sita baada ya mtu aliyempasua. Mwaka uliofuata, tarehe 11 Januari, 1964, Luther Terry, mganga mkuu wa serikali ya Marekani, alitoa ripoti iliyotangaza rasmi kuwa uvutaji wa sigara ni chanzo cha saratani ya pafu kwa wanaume. Miongoni mwa chunguzi ambazo ripoti hiyo ilisimama juu yake ni ule wa wagonjwa 684 wa mwaka 1950, ulioandikwa na mwanafunzi aliyeamini na mwalimu ambaye hakuamini.